Pindo la Kanzu ya Athumani

"Sindano ya mchovu hushona na kanga yake." Nimesema hivyo sasa hivi, nanyi mmecheka, mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Sogezeni jamvi basi, na anayetaka kucheka acheke mwishoni. Methali hii ilizaliwa nyumbani kwa Bi Mwanakombo, upande wa Tanga, na ilianza hivi.

Bi Mwanakombo alikuwa na mtoto wa kiume, Bakari, na Bakari alimwoa msichana aitwaye Mwatime. Mwatime hakuwa na mama. Alifiwa angali mdogo, akalelewa na baba na shangazi wa hapa na pale. Akaja akajifungua mtoto wake wa kwanza, wakamwita Athumani.

Sasa nyumba ile ilikuwa na ada yake. Mzazi hukaa ndani mpaka arobaini, na siku ya kumtoa mtoto nje, mtoto huvishwa kanzu iliyoshonwa na aliyemzaa. Si kwa cherehani, si kwa fundi. Kwa mkono. Bi Mwanakombo aliwashonea wanawe wote, na kanzu zile zilikuwa bado sandukuni, zimekunjwa na asumini, na hakuna mgeni aliyefika pale asifunuliwe sanduku azione. Basi mtoto alipokwisha pewa jina, Bi Mwanakombo alimletea mkwewe kipande cha bafta nyeupe. Akamwambia, "Kanzu ya kutokea ya mjukuu wangu hii. Ataishona mama yake."

Mwatime akaitikia, "Inshallah, mama." Ungemwona, mtoto wa watu, hata kuketi vizuri ilikuwa bado.

Na Athumani naye alikuwa mtoto wa kilio. Mchango wa tumbo ulimsumbua. Akinyonya analia, akiachishwa analia, na akilala ni begani tu. Mgusishe godoro, macho hayo. Usiku kucha Mwatime alimhamisha bega hili na bega lile, na kukipambazuka nepi zinamngoja. Kanzu aliishona pale mtoto aliposinzia, yaani saa zile ambazo wazazi wengine nao husinzia. Siku moja alimimina uji wake wa pilipili manga ndani ya beseni la nepi. Siku nyingine alibembeleza mto kwa wimbo mzima, mtoto yuko kando anamtazama. Alijicheka, kisha akalia, na asijue analilia nini.

Wifi yake, Riziki, aliyaona hayo. Akamwambia, "Wifi, nipe nikushonee hata mkono mmoja, nawe ujinyooshe."

"Sijachoka, wifi," akasema Mwatime.

Uongo mtupu. Alichoka hadi mifupa. Lakini alijiambia kwamba mke aliyeshonewa na wifi yake atasemwa mpaka kisimani. Watasema, ndiyo hivyo, hakuwa na mama wa kumfunza. Neno hilo ndilo alilokuwa akilikimbia kwa sindano. Kanzu ikikamilika kwa mkono wake, hakuna atakayelisema. Isipokamilika, litamfuata maisha yake yote katika nyumba ile. Bi Mwanakombo akipita mlangoni hutupa jicho kwenye bafta, akaenda zake bila kusema kitu, na Mwatime akahesabu kimya kile kuwa ni kosa jingine.

Ikafika siku yenyewe. Wageni walitarajiwa baada ya adhuhuri, na asubuhi ile lilikuwa limebaki pindo la chini tu. Athumani alilala, ajabu ya Mungu. Mwatime akaketi mkekani, akanyoosha miguu, akatandaza kanzu mapajani juu ya kanga aliyojifunga, akaanza. Macho yalifumba yenyewe. Mkono haukufumba; uliendelea kuchoma na kuvuta, kuchoma na kuvuta, maana ulikwisha zoea njia. Alipozinduka alikuwa amefika mwisho. Akapiga fundo, akakata uzi kwa meno. Akatazama: mishono midogo, imenyooka, imebanana. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alifurahi.

Hapo akasikia sauti ya mkwewe. "Mwatime, wenzangu wamewahi kufika. Hebu wape waione kanzu." Na mlango ukafunguliwa, Bi Mwanakombo akaingia na wanawake watatu nyuma yake.

Mwatime akainuka, akaishika kanzu mabegani kwa mikono miwili, akaiinua juu ionekane. Kanga ikaifuata. Ikapanda magotini, ikapanda mapajani, naye akidhani imenasa tu akazidi kuvuta. Mwanamke mmoja akaziba macho. Mwingine akasema, "Bibi kajishona huyu," na kicheko kikawashinda. Mwatime alipotazama chini aliona pindo zima limeshonwa pamoja na kanga yake. Akakaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kanzu, akalia. Mtoto naye akaamka, akalia.

Bi Mwanakombo akawatoa wenziwe, akafunga mlango, akamwita Riziki ambebe mtoto. Kisha akaketi mkekani.

"Mwanangu, umelala lini mara ya mwisho?"

"Sijui, mama."

"Riziki hakukwambia akusaidie?"

"Aliniambia. Nikakataa. Wewe ulisema kanzu ataishona mama yake."

"Nilisema. Na nilisema mama yake asilale?"

Hapo likamtoka Mwatime. "Mimi sina mama. Niliogopa watu waseme imenishinda kwa sababu sikufunzwa."

Bi Mwanakombo alimtazama machoni. Siku zote zile alikuwa akipita mlangoni na kutazama kitambaa. Macho ya anayeshona hakuyatazama hata mara moja. Akaona haya kweli kweli.

"Na mimi niliyekaa hapa," akasema, "nimekaa kama nani?"

Riziki akauliza kama afumue. Mama yake akalipapasa pindo, akatikisa kichwa. Mishono ilikuwa midogo mno. Kuifumua ni mpaka magharibi, na bafta ingetoboka toboka. "Nipe mkasi. Nakata kanga."

"Mama, kanga hiyo uliniletea wewe," akasema Mwatime.

"Basi nakata yangu. Jilaze."

"Na wageni?"

"Wageni hawakuzaa."

Mwatime alikwisha lala, mkasi bado unazunguka pindoni.

Alasiri Bi Mwanakombo akamtoa mwenyewe mjukuu wake. Kanzu nyeupe, na chini yake utepe wa kanga nyekundu unachungulia. Wanawake wakaulizana: hiki chekundu ni nini, na mama mtu yuko wapi? Bibi yule wa sanduku la kujivunia angeweza kulikunja pindo lile ndani wasilione. Alilipindua nje, akapita nalo kwa kila mmoja.

"Sindano ya mchovu hushona na kanga yake," akawaambia. "Mama yake amelala. Atakayemwamsha atanijua mimi."

Pilau ililiwa kimya kimya siku ile, na vigelegele havikupigwa. Jioni mmoja wa wale watatu waliocheka alifika kwake, akamkuta mkaza mwanawe anatwanga, mtoto mgongoni, kichwa kinaanguka mbele. Alimpokea mchi, akamwonyesha kitanda, akasema, "Sindano ya mchovu hushona na kanga yake."