Mjukuu wa Bi Maimuna Aitwe Nani?

Kaeni vizuri. Hadithi hii ina choo ndani yake. Anayeona haya atoke sasa.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Tanga. Kibibi, mfua nguo, alikuwa na ulimi usioficha alichokiona. Thureya wa maabara alikuwa na jicho la kusoma kinyama kidogo kama punje ya mchele. Dokta Siwema alikuwa na kipaji cha kutoridhika na jibu.

Kibibi aliona damu iliyochanganyika na choo kwenye shuka za Bi Maimuna, aliyekuwa akimfulia. Watoto wa Bi Maimuna wakasema ni bawasiri tu, wakamsihi anyamaze, mama yao ni mtu wa heshima. Kibibi akamfuata Bi Maimuna mwenyewe jikoni.

"Shoga, twende hospitali. Au unangoja nikufulie sanda?"

Thureya akapima kinyama kilichotolewa kwenye utumbo mpana. Ilikuwa saratani. Hakuishia hapo. Seli hupelekeana amri, hii ikiiambia ile igawanyike, na yeye akaipata amri moja iliyogoma kuzimika. Dawa ya kuizima ikaletwa.

Uvimbe ukasinyaa, kisha ukaanza kukua tena. Watoto wakaanza kunong'ona habari za kaburi. Dokta Siwema akauliza: amri tumeizima, sasa seli zinamsikiliza nani? Akachunguza, akakuta amri inapita njia ya jirani. Njia hizo mbili hubebana. Ukifunga moja, nyingine hupaza sauti. Akaamuru zifungwe zote kwa pamoja. Bi Maimuna akameza dawa, akatapika, akameza tena. Mwaka umepita, na uvimbe umenywea.

Sasa amepata mjukuu wa kike, na mwanawe amemwachia yeye kumpa jina. Bi Maimuna ameapa mtoto ataitwa kwa jina la aliyemwokoa. Watoto wake wanataka aitwe Maimuna, yaishe.

"Mimi sikujiokoa," akawaambia. "Nilikuwa nakufa kwa adabu zenu."

Kibibi anasema bila yeye, Thureya asingekuwa na cha kupima. Thureya anasema bila yeye, wangekuwa wanatibu bawasiri mpaka leo. Dokta Siwema anasema wote wawili wana haki, ila bila yeye wangekuwa na haki hiyo makaburini.

Kesho ni siku ya saba. Mtoto mmoja, jina moja. Haya, wewe uliyekaa kimya hapo: ungemwita nani? Na usiniambie watatu wote. Huko ni kukwepa, na Bi Maimuna ameshachoka na wanaokwepa.