Kasha la Bibi Tabu

Heshima ya mzito ni kukaa chini. Mmeisikia jana kikaoni, mkatazamana, na leo mmekuja kuuliza ilikotoka. Haya, ketini. Methali hii ilizaliwa barabarani, mchana kweupe, kwa mkono wa Songoro, mvuta mkokoteni wa Ujiji, ambaye mpaka anazikwa hakuchoka kusema, "Mpumbavu wa siku ile msimtafute mbali. Ni mimi."

Songoro alikuwa mtu wa mzaha. Maisha yalimtandika mapema, lakini hayakufaulu kumnyamazisha. Siku hiyo alikuwa anapeleka vyombo vya bibi harusi kwa mumewe: magodoro, mikeka, mito, masufuria, na kasha la Bibi Tabu, nyanya yake bibi harusi. Lilikuwa kasha la mvule lililopigwa misumari ya shaba, limejaa sahani za kauri na kinu cha shaba. Bibi hakuwa na kingine cha kumwachia mjukuu. Likivunjika lile, binti ataingia kwa watu mikono mitupu.

Songoro akalisogeza kasha ili liwe la kwanza kupakiwa. Somo Chausiku, kungwi wa binti, akamjia juu.

"Weee Songoro! Kasha la mkubwa lilaliwe na magodoro? Kwenu hamna wakubwa?"

Ndiyo ilikuwa desturi: cha mkubwa hakiwekwi chini ya kitu, na vyombo vya harusi hupitishwa mitaani ili watu wavione. Songoro aliijua kazi yake. Lakini wanawake walikuwa wanamtazama, na sifa humlevya mtu bila pombe.

"Somo, panda hata wewe juu yake," akasema. "Mkokoteni huu umebeba ng'ombe mzima, tena akicheua!"

Wanaume wanne wakalikweza kasha juu ya magodoro. Kamba zikakazwa, vigelegele vikapasuka, safari ikaanza.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Kisha wakafika kilimani, pale njia inapoinuka ghafla. Songoro akainamisha kichwa, akavuta. Mkokoteni ulipoanza kupanda ukalala nyuma kidogo, na kasha kule kileleni likalala nalo. Kidogo tu. Mara Songoro akasikia ardhi inamtoka nyayoni. Mipini ikapaa naye akapaa nayo, miguu ikining'inia kama ya kuku anayepelekwa sokoni.

Nyimbo zikakatika. Bibi Tabu, aliyekuwa anafuata nyuma, akaweka mkono kifuani. Mkokoteni ukabaki vile, haurudi, hauanguki, kamba zinalia.

Na Songoro kule juu, kabla hajaogopa, alistaajabu. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayeishika mizigo. Kumbe yuko mwingine huko chini, haonekani wala halali, anayevuta jiwe na unyoya, kasha na mvutaji. Akahisi kama mzigo wote umefungwa kamba moja katikati ya uzito wake, na ile kamba inashuka wima mpaka ndani ya ardhi. Ikishukia mbele ya magurudumu, Songoro ni bwana. Ikivuka nyuma ya magurudumu upana wa kiganja tu, Songoro ni unyoya. Mwili wake ulisisimka kama wa mtu aliyeguswa begani na mkubwa asiyemjua.

"Mnanitazama nini, nimekuwa mwezi?" akafoka alipopata sauti. "Nivuteni!"

Somo Chausiku, mwanamke wa miraba minne, akaukimbilia mpini, akaudandia kwa nguvu zake zote. Taratibu, kama mtu anayepiga magoti, mkokoteni ukashuka. Ndani ya kasha sahani ziligongana mara moja, zikanyamaza. Likashushwa, Bibi Tabu akalifungua, akapapasa. Zote nzima.

Wakapakua, wakapakia upya. Kasha chini kabisa, kati ya magurudumu. Magodoro na mito juu. Songoro akavuta, na mkokoteni ukapanda kilima kama mbuzi.

"Umepunguza nini?" Chausiku akauliza, macho yamemtoka.

"Hata kijiko, Somo. Uzito ni ule ule. Kilichoshuka ni moyo wa mzigo."

Walipokaribia mteremko wa mwisho, nyumba ya bwana harusi ikionekana kule chini, Chausiku akausimamisha msafara.

"Sasa lipandisheni tena. Wakwe wakiliona limefunikwa na mito watasema nyanya hana thamani kwetu."

"Somo, mteremko ule!" Songoro akasema. "Kupanda limenitupa juu. Kushuka litanipita kichwani."

"Utashika vizuri. Heshima ni heshima."

"Nimshike nani? Mwenye kulivuta hashikiki!"

Wakabishana mpaka wapita njia wakajaa. Hawa wanasema lipande, wale wanasema lisiguswe. Ndipo Bibi Tabu akapenya katikati yao, akauweka mkono wake juu ya mito.

"Chausiku mwanangu, mgeni wa heshima akija kwako humkalisha wapi? Darini, pamoja na kuni?"

"Hasha, bibi. Namtandikia jamvi."

"Basi liache kasha langu jamvini. Heshima ya mzito ni kukaa chini."