Vipimo Kumi vya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashine zao na Kiboko akimiliki umeme wote wa maporomoko, aliishi Pimbi, mjane mwenye mashine ya kusaga unga.

Kiboko aliweka sheria: kila Jumamosi, mwenye mashine atangaze mbele ya wote atatumia vipimo vingapi vya umeme wiki ijayo. Akizidisha au akipunguza, mashine inachukuliwa. Akipatia, haiguswi tena. Ngiri alikosea kwa kipimo kimoja tu, akapoteza mashine pamoja na magunia yake sita ya mahindi makavu.

Zamu ya Pimbi ikafika.

"Sema, kipande cha mtu!" Kiboko akanguruma.

Gunia moja hula kipimo kimoja, Pimbi alijua. Lakini mahindi mabichi yalikuwa tayari shambani. Kijiji kizima kikiguguna mahindi ya kuchoma, nani atasaga unga? Wiki hiyo angepata magunia manne, basi. Kiboko, mla nyasi, angejulia wapi?

"Kumi," akasema. "Kama kawaida yangu."

"Dada, umerogwa?" Ngiri akanong'ona.

"Nyamaza, kaka." Kisha akapaza sauti: "Huniwezi, Mzee Kiboko! Labda ulete na yale magunia ya Ngiri uliyoyafungia ghalani!"

"Ho! ho! ho!" Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Tutaonana Jumamosi."

Wiki ikaenda. Wateja wakaleta magunia manne, wala halikuongezeka hata moja. Alhamisi ikapita. Pimbi akakodolea macho njia. Kiboko asipotuma mtu, mashine imekwenda!

Ijumaa mchana, puu! puu! Wapwa wa Kiboko wakabwaga magunia sita mlangoni.

"Saga yote! Mteja harudishwi!"

"Karibuni, wanangu," akasema Pimbi. Ngrrrrr! Akasaga mpaka punje ya mwisho.

Jumamosi wote wakaikodolea mita. Kumi kamili.

"Haiwezekani!" Kiboko akafoka. "Mimi mwenyewe nimemwongezea sita!"

Wanyama wakatazamana.

"Kumbe!" Ngiri akaruka. "Na mimi ulinifanyia hivyohivyo!"

Pimbi akapanda juu ya mashine yake, mikono kiunoni. "Hii haiguswi. Na ya Ngiri inarudi leo hii. Hatutoki hapa, Mzee, hata ungurume hadi masika."

Wakakaa chini wote, wakubwa kwa wadogo, mpaka mashine ikarudi.

Basi wadogo zangu, ukipiga hesabu mbele ya mwenye nguvu, usisahau kuhesabu na hila zake.