Digidigi na Tume ya Ukuta Uliovunjika

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa bonde, na mto, na makaburi mapya.

Basi sikilizeni, na Mungu awarehemu waliotangulia.

Hapo kale Kiboko aliona mto haumtoshi. Akataka maji yote yawe yake. Akajenga ukuta wa udongo, mto ukasimama, likawa bwawa. Akalala humo, akala, akanenepa. Wanyama wadogo waliishi bondeni, chini ya ukuta.

Siku moja ya masika, vuuu! Ukuta ukavunjika. Maji yakawachukua wengi, na mtoto wa kwanza wa Digidigi akiwamo. Wakamzika mlimani. Digidigi akabaki na mtoto wake mchanga, anayenyonya.

Hata matanga hayajaondolewa, Kiboko akajenga ukuta mwingine palepale, kwa udongo uleule.

Wafiwa wakalia mpaka ikaundwa tume ya kuamua kama ukuta ubaki au ubomolewe. Mwenyekiti alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na maneno marefu. Kiboko akapewa kiti kivulini. Wafiwa wakakaa juani.

Kiboko akaapa. "Wallahi, hapakuwa na dalili. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Ukuta ulianguka ghafla. Ni kazi ya Mungu."

"Ahsante, mheshimiwa," akasema Korongo. "Endelea tu, usiwe na haraka."

Akaendelea mpaka jua likafika utosini.

Akaja Kwale. "Wanangu walikuwa..."

"Pole sana, mama. Muda umekwisha."

Akaja Kobe. Hata hakukifikia kiti cha ushahidi.

"Pole sana, mzee. Muda umekwisha."

Akaja Digidigi. Hakulia. Akainama.

"Mimi sina malalamiko, Bwana Mwenyekiti. Bwana Kiboko ameapa, na kiapo si mchezo. Ila jua hili litatuua. Chini ya ukuta kuna kivuli, na majani mabichi ambayo hayajaguswa."

Kiboko aliposikia majani, mate yakamdondoka. "Twendeni!"

Wakahamia huko. Kiboko akaegemea ukuta, akala, nyafu, nyafu, nyafu.

"Kikao kikihama hufunguliwa upya," akasema Digidigi. "Na marehemu wetu hatujasimama kimya kuwakumbuka."

Korongo akaona haya. "Tusimame."

Wakasimama. Kimya. Wafiwa wakaomba dua moyoni.

Ti.

Hakuna aliyejali.

Ti. Ti.

Kiboko akaacha kutafuna. Masikio yakamsimama.

Ti. Ti. Ti.

"Kimbieni!" Akamkanyaga Korongo mguu, akapanda mlima, puu, puu, puu, akihema.

Wengine wote walibaki wamesimama, wakitazamana.

"Unakimbia nini, jirani?" Digidigi akamwita. "Si tone la maji tu?"

"Tone! Hata siku ile lilianza hivyohivyo! Ukuta ulidondosha maji tangu alfajiri, na ilipofika adhuhuri..."

Akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Digidigi akapekua matete ya ukutani, akatoa kibuyu chake kilichotoboka, alichokificha humo kabla ya kikao, kilichokuwa kikidondosha maji juu ya jani kavu.

"Sisi hatukuijua sauti hii," akasema. "Wewe uliijua. Uliisikia tangu alfajiri ukanyamaza, na mwanangu alikuwa amelala huku chini. Usimsingizie Mungu, Kiboko."

Korongo akakohoa. "Maneno yale yamesemwa mlimani, nje ya kikao. Tume haiwezi kuyapokea. Twende tukale kwanza, kisha tutaahirisha."

Tume ikaenda kula. Kiboko naye akaalikwa.

Wafiwa hawakwenda. Walipandisha watoto mlimani, kisha wakaanza kuubomoa ukuta wenyewe, kutoka juu, polepole, ili maji yatoke kidogo kidogo. Kwale akaparura, paru, paru. Digidigi akachimba kwa kwato. Kobe alisukuma bonge moja tu la udongo mpaka jioni, na hakuna aliyemwambia muda umekwisha.

Mto ukarudi njia yake. Digidigi akasimama ukingoni na mtoto wake mchanga, akayatazama maji yakipita. Hakufurahi. Aliyelala mlimani hakurudi.

Ngano yangu nimeitua chini. Mwenye nguvu aibebe. Na fundisho lake ni hili: mkubwa akiwaambia ni kazi ya Mungu, semeni amina, mkae juani, mngoje mwenyekiti amalize kula. Haki haina haraka. Na waliokufa, wao hawana haraka kabisa.