Siku Mama Alipokataa Chokaa

Chokaa haikaushi ukuta. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia mlangoni kwetu, kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba ni ya wahenga wa zamani za kale. Mhenga wake alikuwa mama yangu mzazi, na siku aliyoitoa alikuwa na hasira tu.

Leo mmemsikia babu yenu Sufiani akiisema barazani, mkaona wenzake wanaangalia vidole vya miguu yao, ndipo mkanikimbilia mimi dada yake. Haya, kaeni. Sufiani amenipa ruhusa kuisimulia. Habari ni yake, mimi ni mbebaji. Nami nitaita kila jambo kwa jina lake, kwa hiyo anayetaka kucheka kwa aibu acheke sasa amalize.

Tuliishi Tanurini. Siku hizi mkipita pale mtaona majani, kwa sababu saruji ilipoingia madukani matanuri yalizimwa moja baada ya jingine. Lakini zamani zetu, wajukuu zangu, nchi nzima ya upande ule ilipakwa kwa chokaa yetu! Wanaume walivunja matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakawasha. Moto ukishatulia, kina mama walikuja na mitungi, wakayamwagia mawe maji, nayo yakalia "shiii" na kumomonyoka kuwa unga mweupe. Sote tulikuwa na nyusi nyeupe. Mtoto wa miaka saba ungedhani ni ajuza. Harufu ile ya jiwe la moto lililolowa naitamani mpaka leo kuliko manukato yenu.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Watu wakigombana, wazee walikaa, wakaamua, na aliyekosa alikwenda asubuhi kupaka chokaa ukuta wa mbele wa aliyemkosea. Akimaliza, kahawa ilinywewa na jambo likafungwa. Aliyelitaja tena ndiye aliyeonekana mkosaji. Desturi nzuri! Iliokoa ndoa, ilimaliza ugomvi wa mbuzi na wa matusi. Baba yangu, kabla hajafariki, alipakwa ukuta na mtu aliyemwita mwizi, na wakafa wakiwa marafiki. Siisemi vibaya.

Ila kila fundi wa chokaa anajua, na sisi tulijua kuliko wote, kwamba kuna ukuta unaonyonya maji kutoka chini. Ukiupaka leo unapendeza. Mwezi haupiti, doa linarudi na chokaa inabanduka. Wetu ulikuwa hivyo. Kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani tuliupaka, na kila Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha tu, ulikuwa umeshachubuka.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mjomba Nassibu, mshona kofia. Alitoboa vitobo vya kofia kwa mkono, vidogo mpaka unajiuliza sindano imepita wapi. Nyuzi zilizobaki alinipa mimi nikasuka bangili. Aliishi na Chande, mvunja matumbawe, mwaka wa kumi na tisa wakati ule. Mjini wana maneno ya kuwaita watu kama wao, mengi ya kashfa, sitayatumia. Walipendana kama mume na mke wanavyopendana. Kijiji kizima kilijua. Kilichofanyika ni kwamba tuliwaita "marafiki wale" na tukasonga mbele. Walialikwa harusini, walizika, walizawadiwa. Tulijiona wastaarabu sana. Kumbe kwa kutolisema jambo tulikuwa tumeliweka akiba.

Mwaka ule Sufiani alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa mtoto wa kelele, anaimba hata akiwa chooni. Mzee Mbaruku, msimamizi wa matanuri, alimwomba Mama amtume Sufiani ampelekee chakula cha mchana kule kibandani anapolinda moto. Mama alishukuru. Mbaruku alikuwa mtu wa heshima, mtoaji, na sisi tulikuwa mayatima. Nani angekataa?

Baada ya wiki chache Sufiani akaacha kuimba. Kisha akaacha kula. Akawa analowesha mkeka, akipelekwa kuoga analia. Mama alimuuliza, hakusema. Mkunga wetu alimtazama, akamwita Mama pembeni, akamwambia mtoto ameingiliwa na mtu mzima. Na mkunga yule, Mungu amrehemu, mdomo wake haukuwa na mlango.

Kufikia Ijumaa kijiji chote kilikuwa kinaangalia nyumba ya Nassibu. Hakuna aliyemuuliza Sufiani ni nani. Kwa nini waulize? "Lisemwalo lipo," walisema, "kama halipo laja." Mwanamume anayempenda mwanamume, na mtoto wa kiume kaumizwa: kwao hesabu ilikuwa imekamilika. Nami pia, msinitazame hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilizikata bangili zile nikazitupa mbele ya mlango wake akiwa amekaa pale pale na sindano yake. Alizitazama tu. Nilimwomba radhi mara nyingi baadaye, na bado nikikumbuka naona haya.

Wazee wakakaa bila Nassibu, bila Mama, bila mtoto. Mbaruku alikaa nao, tena alizungumza kwa uchungu kuliko wote. Wakaamua jambo limalizwe kwa sitara. Neno hilo nililipenda zamani, siku hizi nikilisikia nauliza kwanza linamsitiri nani. Uamuzi ulikuwa kwamba Nassibu atupake ukuta, kisha yeye na mwenzake wahame. Jina la kosa lisitajwe kabisa, mtoto asije akaaibika ukubwani.

Walikuja Jumatatu, jua limeshapanda. Mzee Shekue, aliyekuwa mkubwa wao, alitangulia. Mbaruku alibeba ndoo, maana msimamizi wa matanuri ndiye aliyekoroga chokaa ya suluhu, hiyo ndiyo desturi. Nyuma walikuja Nassibu na Chande. Nassibu alikuwa amevaa kanzu yake safi. Alipewa brashi ya makumbi ya nazi. Nilidhani atakataa, lakini alikuwa amechoka, na nje ya uwa wetu vijana walisimama na magongo wakisubiri akatae.

Akachovya, akapaka. Mstari wa kwanza, wa pili. Alipofika nusu, Sufiani akatoka ndani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alimwona Nassibu na brashi, akamwona Mbaruku akiinama kukoroga ndoo, akasimama pale kizingitini.

"Kwani Mjomba Nassibu kafanya nini?" aliuliza.

"Rudi ndani, mwanangu," Mzee Shekue alisema. "Mambo ya wakubwa yanafungwa."

"Anatupakia nini? Siyo yeye!"

"Sufiani, nyamaza," Mbaruku alisema, kwa upole kabisa. "Unamtia mama yako aibuni."

Basi nilimwona Mama akigeuka. Hakumtazama Sufiani, alimtazama Mbaruku. Nadhani ni ule upole. Mtu aliyemwogopesha mwanawe kwa sauti laini, mama humjua.

"Mwacheni aseme," Mama alisema.

"Mama Kidawa," Mzee Shekue alisema, akimwita kwa jina langu, "kwa sitara ya mtoto..."

"Mtoto ndiye anayesema! Sema, baba. Mimi niko hapa."

Sufiani akasema. Alisema ni Babu Mbaruku, kule kibandani, siku za chakula. Alisema mara tatu, na mara ya tatu alisema alichoambiwa: kwamba akifungua mdomo, hakuna atakayemwamini, watasema ni Nassibu. Hapo hata vijana wa magongo waliteremsha magongo.

Mbaruku alianza kuapa. Mzee Shekue, masikini, alikuwa anahema. Mnajua alisema nini? Alisema, "Lakini ukuta umeshapakwa nusu." Jamani! Mtoto amesimama mbele yake, na yeye anafikiria ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika kitu kimoja maisha yake yote na hakujua pa kukiweka.

Mama akaichukua ile ndoo mikononi mwa Mbaruku, akaimwaga yote chini, ikatapakaa mpaka miguuni kwa wazee.

"Ukuta huu unanyonya maji kutoka chini tangu mume wangu yu hai!" alisema. "Na kila mwaka tunaupaka, na kila mwaka unabanduka, na nyinyi mafundi wakubwa mnajua kwa nini! Chokaa haikaushi ukuta! Mwanangu kanajisiwa. Kanajisiwa! Limetajwa sasa, na mimi sijafa, na yeye hajafa. Nani kafa?"

Ndipo Nassibu akaweka brashi chini, akafuta mikono kwa kanzu ile safi.

"Na mimi niseme, maana leo ndiyo siku yake," alisema. "Mimi nampenda Chande. Miaka kumi na tisa mnajua na mnajifanya hamjui. Mngeniuliza ningewaambia. Kumpenda mtu mzima mwenzangu ni jambo moja. Kumvamia mtoto ni jambo jingine. Nyinyi mmeyatia yote mawili kwenye ndoo moja kwa sababu hamtaki kutazama ndani ya ndoo."

Nyuma ya umati mtu mmoja akaanza kulia. Alikuwa Mdoe, baba wa watoto wanne, kifua kama mlango. Akasema, "Hata mimi. Nilipokuwa kama huyu." Kisha mwingine. Mbaruku aliondoka Tanurini mchana ule akiwa katikati ya Mdoe na Chande, wakampeleka polisi mjini, na Mama alikwenda pamoja nao kueleza kwa mdomo wake. Mbaruku alifungwa. Si wote waliofurahi. Wapo waliomwita Mama mvunja nyumba mpaka alipokufa.

Wazee walijuta, lakini mazoea yana taabu. Wiki iliyofuata wakaenda kwa Nassibu kumtaka radhi, na mnadhani walibeba nini? Ndoo ya chokaa! Nassibu aliitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Iwekeni pale," aliwaambia. "Kwanza semeni. Mlinifanya nini?"

Mzee Shekue akasema, "Yale mambo."

"Mambo gani?"

"Yale... ya juzi."

Walikaa mpaka adhuhuri. Chande aliwapikia chai mara mbili. Mwishowe yule mzee, jasho linamtoka, alisema: "Tulikusingizia kwa sababu unampenda mwanamume. Tulimwacha mtoto na mbwa mwitu kwa sababu mbwa mwitu alikuwa tajiri." Nassibu akampa mkono. Ukuta wake hakuruhusu uguswe.

Wetu pia haukupakwa tena. Ulibaki nusu nyeupe nusu doa, na mgeni akiuliza Mama alimweleza, tena kwa sauti ya kawaida kama anayeeleza bei ya nazi. Sufiani alichukua muda mrefu. Mwaka mzima sikumsikia akiimba. Siku nilipomsikia tena, akiteka maji, nilijificha jikoni nikalia, naye mpaka leo hajui.

Lakini mnaniuliza lile neno lilipataje kuwa methali, maana hasira ya mwanamke mmoja haifiki mbali. Ilikuwa hivi. Nassibu aliugua, akafa, miaka mingi baadaye, Sufiani ana ndevu tayari. Watu walijaa. Baada ya mazishi ikafika wakati wa kupeana mikono ya pole, watu wakaanza kuulizana kwa minong'ono mfiwa ni nani. Wakamtafuta binamu fulani kutoka mbali, ambaye hata sura ya marehemu aliisahau, wakataka kumkalisha pale mbele. Chande alikuwa amesimama nyuma karibu na viatu, mzee sasa, mikono haina pa kwenda.

Sufiani akaenda, akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu wote, akamkalisha mbele. Akasema, "Huyu ndiye mfiwa. Aliishi na Nassibu na alimpenda. Mpeni pole."

Mtu mmoja akamvuta kanzu, akamnong'oneza kwamba maneno hayo hayasemwi hadharani, afunike, aweke sitara.

Sufiani hakunong'ona. Alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka uwani kwa wanawake, nami nilikuwa huko na Mama, kikongwe, hasikii vizuri tena. Hilo alilisikia. Alinishika goti akauliza, "Nani kasema maneno yangu?" Nikamwambia, "Ni Sufiani, Mama." Na nje, mmoja baada ya mwingine, watu walipanga mstari kumpa Chande mkono, kisha kila mmoja akaenda na lile neno kwao.

Chokaa haikaushi ukuta.