Siku Tandala Alipotaka Pembe Zipimwe

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, magoti yangu haya yalipokuwa bado yananisikiliza, mimi babu yenu Tandala nilikuwa bingwa wa kuruka viunzi. Msicheke. Wewe wa pembeni, nimekuona! Nilikuwa bingwa mara mbili mfululizo, na mjinga mara nyingi zaidi ya hizo.

Kila mwaka, kiangazi kilipoanza, wanyama wa nchi zote walikutana kwenye uwanja ulio karibu na kisima chetu. Walitoka nyika za kaskazini, walitoka mabonde ya kusini, kila nchi na majani yake ya kupeperusha. Mbio za mwisho zilikuwa za wanaume: viunzi kumi, kila mtu na njia yake. Na zawadi haikuwa kombe la kuweka kabatini. Bingwa ndiye aliyepanga foleni ya kisimani kiangazi chote.

Mimi nilipokuwa bingwa, niliipangaje?

"Warefu mbele, wafupi nyuma!"

Kwa nini? Kwa sababu mimi ni mrefu. Sababu nyingine nimeitafuta hadi leo sijaiona.

Nyuma kabisa alikuwa Sungura, mkewe na watoto wao sita. Zamu yao ilipofika, kisimani palibaki tope. Siku moja mkewe alinijia na kibuyu kitupu.

"Shemeji Tandala, tuonee huruma. Mtoto ana homa. Tupitishe mbele, leo tu."

"Foleni ni foleni," nikamjibu.

Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Siku ile niliona nimesema jambo la maana sana.

Wiki hiyohiyo Sungura akajiandikisha kwenye mbio za viunzi za kiangazi kilichofuata. He! Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na majani.

Sasa sikilizeni sheria yetu. Ili mfupi na mrefu washindane kwa haki, kila mkimbiaji aliwekewa viunzi vya nusu ya urefu wake mwenyewe. Mpimaji alikuwa Ngedere. Alipima kwa kamba siku moja kabla ya mbio, kutoka mguuni hadi begani, kisha akaandika kitabuni. Kipimo kikishaandikwa, hakifutwi.

Asubuhi ya kupimwa, Sungura akabisha mlangoni kwangu. Ko, ko, ko!

"Hodi! Hodi kwa bingwa!"

"Karibu, karibu ukae."

"Sikai, kaka. Nimepita tu kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Kwani hujasikia? Mwaka huu Tembo atawasomea wageni urefu wa kila mkimbiaji. Kwa sauti ile yake! Na Mbuni amesema atapimwa na shingo. Shingo yote, kaka, mpaka utosini. Wageni watarudi kwao wakimsifu Mbuni kuwa ndiye mrefu kuliko wote. Wewe watakuita yule wa katikati."

"Wa katikati! Mimi?"

"Si maneno yangu. Mimi mfupi, nina lipi la kusema? Kwaheri, kaka."

Akaondoka, tipu tipu tipu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ametoka kwa Mbuni, na huko alisema kuwa mimi nitapimwa na pembe.

Bibi yenu alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Baba Matano, huyo bwana hajawahi kukupa pole hata siku moja. Mbona aanze leo?"

"Mambo ya uwanjani hayo, mama. Huyajui."

Alikuwa anayajua kuliko mimi, lakini nani angenieleza?

Nilimkuta Mbuni anapimwa. Amesimama kwa ncha za vidole, shingo imenyooka, amebana pumzi mpaka macho yamemtoka. Zamu yangu ikafika. Ngedere akavuta kamba hadi begani.

"Endelea," nikamwambia.

"Niendelee wapi?"

"Juu. Shingo, kichwa, pembe."

"Desturi yetu ni begani, bwana."

"Pembe hizi ni za nani? Nimeziazima?"

Ngedere akajikuna kichwa. "Hukuziazima. Lakini bwana, kumbuka kiunzi ni nusu ya..."

"Wewe pima!"

Akapima. Alilazimika kupanda mgongoni kwangu ili azifikie ncha.

"Haya. Umempita Mbuni vidole vinne."

"Vidole vinne! Andika! Andika kwa herufi kubwa!"

Nikazunguka uwanja mzima nikiwatangazia watu vidole vyangu vinne, pamoja na wale waliokuwa wamelala. Niliporudi, Sungura alikuwa mbele ya Ngedere. Masikio ameyalaza mgongoni, magoti ameyakunja, kidevu kinakaribia kugusa mchanga.

"Simama wima," Ngedere akamwambia.

"Ndio wima wangu huu, bwana. Kiu imenikunja."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Ngedere akaandika.

Siku ya mbio ikafika. Tembo ndiye aliyekuwa mwamuzi, kwa sababu ana mto wake mbali na hagombei kisima. Akasoma urefu wetu mmoja mmoja. Aliposoma wangu, wageni wakasema, "Oooh!" Nikainama kushoto, nikainama kulia. Furaha ile ilidumu mpaka viunzi vilipoletwa.

Vya Sungura vilikuwa vijiti. Hata kuku angevivuka huku anawaza mambo mengine. Kisha wakaja nyani wanane wanahema, wamebeba magogo.

"Ngedere," nikanong'ona, "yale ya nani?"

"Yako, bwana. Nusu ya urefu wako. Umezisahau pembe?"

Wakayasimamisha kwenye njia yangu. Kiunzi cha kwanza kilinifika shingoni. Nikamtazama Mbuni, naye alikuwa anavitazama vyake. Lo!

Tembo akainua mkonga. "Tayari... Paaaa!"

Tukatoka, vuu!

Kuruka naweza, wajukuu zangu, sikatai. Nilikivuka cha kwanza vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba nilikaa huko juu muda mrefu. Nikiwa hewani nilimwona Sungura akivuka cha pili. Nikamwona akivuka cha tatu. Nikamwona bibi yenu amejifunika macho kwa ungo. Nilipotua, pu! Sungura alikuwa anafika cha nne.

Mbuni alijaribu kuruka akakumbuka kwamba mabawa yake ni ya mapambo. Akakipiga kiunzi kwa kifua, kwaa! Manyoya yakatapakaa uwanjani.

Mimi cha pili nilikigonga kwa goti hili hapa. Cha tatu nilikigonga kwa hili lingine. Cha nne nikaamua kuinamisha kichwa nikisukume, zikaingia pembe, na ikawa gogo limening'inia usoni kwangu. Nikakimbia sioni mbele, nikasikia watu wanapiga makelele, nikadhani wananishangilia. Kumbe nilikuwa nimegeuka. Narudi nilikotoka.

Sungura? Tipu, tipu, tipu! Kumi. Akafika hata jasho hana, kisha akasimama wima kweli, masikio yote mawili juu.

"Ewe Sungura!" nikapaza sauti nyuma ya gogo. "Umetudanganya!"

"Nimekudanganya, kaka," akajibu. "Lakini aliyesema 'pima' ni nani?"

Tembo akanitazama.

Sungura akapanda kwenye kisiki cha mshindi. "Foleni ya mwaka huu ni hii: wafupi mbele, warefu nyuma. Tusije tukagombana, tutafuata kitabu cha Ngedere."

Kesho yake tukajipanga. Watoto sita wa Sungura walikuwa mbele kabisa, wanakunywa maji safi, yule aliyekuwa na homa naye anarusha maji kwa mikono. Mimi nikaenda kusimama mbele ya Mbuni.

"Nipishe, ndugu. Ukiziacha pembe, mimi ni mfupi kwako."

Mbuni, amefungwa bandeji kifua kizima, akatabasamu. "Vidole vinne, bwana."

"Vidole gani?"

Ngedere akafungua kitabu. "'Tandala amempita Mbuni vidole vinne.' Ipo hapa, kwa herufi kubwa."

Nikarudi nyuma ya Mbuni. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, ila bibi yenu na ndoo yake. Zamu yetu ilipofika, kisimani palibaki tope. Bibi yenu akalitazama tope, akazitazama pembe zangu.

"Haya, Baba Matano. Hizo ndefu zako zinaweza kuchimba?"

Nikajifanya sisikii. Ndipo akaja mke wa Sungura na kibuyu, safari hii kimejaa. Akanipa bila kusema neno. Hata lile la foleni hakulisema, na mimi nilitamani alau angelisema. Nikanywa, nimeinamisha kichwa, na pembe zikakwama kwenye udongo.

Basi, wajukuu zangu, ukidai kuwa mrefu kuliko ulivyo, jiandae kuuruka urefu huo mwenyewe.