Kurumbiza na Ungo wa Tusekile

Hadithi, hadithi!

Ije!

Ije na nini?

Ije na utamu!

Utamu leo sina. Anayetaka utamu akakwangue sufuria jikoni. Hii niliyo nayo ni ya baridi, kwa hiyo sogeeni motoni, na wewe mwenye kikohozi kaa upande usio na moshi.

Hapo kale, kale ya kale, katika nchi ya milimani ambako kipupwe kikiingia maji huganda mtungini na sakitu hulala juu ya majani kama unga uliomwagika, palikuwa na mama mmoja, jina lake Tusekile. Mume alikuwa amekufa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Atuganile, naye ameolewa ng'ambo ya mlima. Vipupwe vitatu vilipita, Atuganile hajarudi kumwona mama yake.

Upweke ukamfundisha Tusekile kazi. Kila asubuhi ya baridi alitandaza chenga za mahindi kwenye ungo, akauweka uani, akakaa kizingitini kuwatazama ndege. Aliwajua wote. Alimjua Njiwa mwenye kidole kilichokatika. Alimjua Chiriku mgomvi, anayekula huku anatukana. Na alimjua Kurumbiza, yule ndege wa manjano anayetoa habari za wageni.

Ndege walikuwa na adabu zao. Hawakushuka kabla ya kubisha.

"Hodi, hodi, hodi!"

"Karibuni, wageni wangu. Ungo u wazi."

Basi hushuka, wakala, wakashukuru, wakaruka. Ndivyo ilivyokuwa jana, na juzi, na majuzi.

Asubuhi moja Kurumbiza akatua juu ya uzio akaimba, "Mgeni yu njiani! Mgeni yu njiani!"

"Mgeni gani, baba?" akauliza Tusekile.

"Atuganile ametoka kwake leo, mama."

Tusekile akaangusha kata ya maji.

Siku ya pili Kurumbiza akarudi. "Mgeni yu njiani! Amefika chini ya mlima. Amebeba kifuko cha uwele. Anasema ni zawadi ya ndege wa mama."

Tusekile akacheka, kisha akalia. "Na ukungu, je? Kipupwe hiki mlimani mtu haoni hata mguu wake. Na lile genge la mawe lenye kina, pale kwenye kona ya njia!"

"Usihofu. Kesho atapanda, nami nitakuwa mbele yake naimba. Ataifuata sauti yangu mpaka mlangoni kwako. Alfajiri nitakwenda moja kwa moja, hata kwako sipiti."

"Haya, mwanangu. Nenda na usikawie."

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile, binti aliyeolewa akirudi kwao mara ya kwanza hawekewi mboga za majani. Huwekewa nyama. Akiwekewa majani, maana yake mama amesema hana tena mtoto. Na kuku wa Tusekile walikuwa wamekwisha wote kwa ugonjwa wa kideri. Akaenda kuomba kuku kwa jirani yake, Mama Ngwale. Kumbe kideri kilikuwa kimepita na huko.

Mama Ngwale akamcheka. "Shoga, wewe nawe! Mboga inakuja mlangoni kwako kila siku, inapiga na hodi, kisha unalia huna mboga?"

"Wale ni wageni wangu."

"Na Atuganile ni nani wako?"

Tusekile akashika njia. Maneno yale alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo.

Siku ya tatu sakitu ilikuwa nene kupita zote. Tusekile akaufunika ungo kifudifudi, akauegemeza juu ya kijiti, akamwaga chenga chini yake. Kijiti akakifunga kamba, kamba akaipitisha mpaka jikoni. Moyo ulimsuta. Akajiambia, leo tu. Kurumbiza yuko mlimani, hawa wengine watanisamehe.

"Hodi, hodi, hodi!"

Tusekile akashika kamba, akajibu, "Karibuni, wageni wangu. Ungo u wazi."

Siku zote alikuwa akiwatazama wakishuka, mmoja mmoja. Siku hiyo aliona haya. Akageuza uso, akatazama ukuta, akavuta kamba.

Akatoka uani, akapitisha mkono chini ya ungo bila kuangalia, akavunja shingo, moja, mbili, tatu. Akawatia katika maji ya moto, akawanyonyoa jikoni penye giza na moshi. Ndege akishalowa na kunyonyolewa, humjui tena kama ni nani. Akawabandika.

Adhuhuri ukungu ukashuka. Mchuzi ukachemka. Tusekile akakaa kizingitini, ametega sikio upande wa mlima.

Kimya.

Akaongeza maji chunguni. Kimya.

Akaongeza kuni. Kimya.

"Huyu Kurumbiza leo mvivu," akasema, akainuka kwenda kutupa manyoya. Nje kwenye mwanga, katikati ya manyoya ya kijivu, akaliona moja la manjano.

Kumbe sakitu ya alfajiri ilimkaza Kurumbiza mbawa. Akasema, nipite kwanza kwa mama nile punje tatu, nipate nguvu ya kuimba.

Tusekile akakimbia mlimani akiita, "Atuganile! Atuganile! Atuganile!" Ukungu ukaimeza sauti. Watu walimpata Atuganile kesho yake, chini ya genge, pale kwenye kona. Si mbali na nyumbani, pale harufu ya mchuzi wa mama yake hufika. Kifuko cha uwele kilikuwa bado kifuani, hakikumwagika hata punje.

Baada ya matanga, Tusekile akautoa ungo, akauweka kama zamani, akautandaza uwele wa mwanawe. Ndege walikuwa juu ya uzio, wamekonda, mifupa inahesabika.

"Karibuni, wageni wangu. Ungo u wazi."

"Starehe, mama," wakajibu. "Tumeshiba."

"Karibuni, jamani. Ni wa Atuganile, aliwaletea ninyi."

"Starehe, mama. Tumeshiba."

Mara ya tatu alipowakaribisha, Chiriku alianguka kutoka kwenye uzio, amekufa kwa njaa. Waliobaki wakasema, "Tumeshiba."

Mpaka leo, katika nchi ile, ukimwona ndege anakutazama kwa mbali wakati wa kipupwe na chakula kipo, ujue anakujibu.

Basi, hadithi nimeiacha palepale juu ya uzio, anayeipenda akaichukue. Nanyi wanangu, ukishamwambia mtu karibu, mkono wako usiwe umeshika kamba.

Haya, viazi vimeiva. Karibuni.

Mbona hamli? Tazameni mikono yangu, mitupu yote miwili.